Usingizi wa Mpanda Farasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wapanda farasi wa Nairobi wa kila aina: majoki (wapanda farasi wa mbio) na masaisi (watunza farasi) wa Ngong Racecourse, wanafunzi wa mabanda ya Karen na Lang'ata, wachezaji wa polo wa pale Jamhuri, na wazazi wanaosimama kando ya uwanja Jumamosi asubuhi na chupa ya chai mkononi. Mimi ni mkufunzi, si daktari. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki. Nimeyajibu kwa urefu pale ninapoona watu wanaumia kwa kutojua, na kwa ufupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi.

Anayekimbia ni farasi, mimi nimeketi tu. Usingizi wangu unahusikaje?

Hujaketi. Mtazame joki anaposhuka baada ya mbio za mita 1,200 uone miguu inavyomtetemeka. Muda wote huo magoti yamekunjwa, makalio yameinuka juu ya tandiko, uzito wote umebebwa na nyayo na mapaja, na vidole vinasikiliza mdomo wa farasi kupitia hatamu. Mwanafunzi anayejifunza kuruka viunzi naye hapumziki. Kiuno chake kinafuata mgongo wa mnyama wa kilo 500 huku macho yakipima umbali wa kiunzi kinachofuata.

Farasi wa mbio akiwa kwenye shoti hufikia kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kugundua kwamba farasi wa mbele anaingia njia yako, wako ameshameza mita 8. Na hiyo nusu sekunde ndiyo kitu cha kwanza ambacho kukosa usingizi hukuibia, kabla hujahisi uchovu wowote miguuni.

Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hutenda kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna mwenye banda atakayemkabidhi mlevi farasi wake. Aliyekesha, hata hivyo, anapita getini, anasalimiana na kila mtu na kutandika farasi bila kuulizwa lolote. Hilo ndilo linalonisumbua.

Basi nilale kwa saa ngapi?

Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9 kila usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Ukiwa kwenye wiki za mazoezi mazito, jipimie upande wa juu wa hesabu hizo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya wachezaji wa mpira wa kikapu waliotakiwa kukaa kitandani saa 10 kila usiku kwa wiki kadhaa. Mbio zao fupi zilipata kasi, na mipira ya adhabu iliyoingia ikaongezeka kwa asilimia 9. Hawakuongezewa mazoezi yoyote mapya.

Sasa tufanye hesabu ya hapa kwetu. Nairobi iko karibu na ikweta, na jua linachomoza mnamo saa 12 na nusu asubuhi. Tofauti katika mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Kazi ya asubuhi ya farasi hufuata mapambazuko, kwa sababu jua likishapanda ardhi inakauka, nzi wanatoka, na farasi wanapaswa kuwa wameshaoshwa na kurudishwa ndani. Saisi anayetoka Kawangware au Kibra anaamka saa 10 na nusu alfajiri ili awahi kulisha. Anayetaka saa 8 za usingizi kabla ya hapo anapaswa awe amelala saa 2 na nusu usiku, kabla hata taarifa ya habari ya saa 3 haijaanza.

Najua watu wanavyonitazama nikisema hivyo. Lakini asubuhi ya farasi haisogei, hakuna wa kuisogeza. Kinachoweza kusogea ni saa ya kulala. Kama saa 2 na nusu haiwezekani nyumbani kwako, anza kuivuta nyuma kwa dakika 15 kila baada ya siku chache mpaka ufike pale maisha yanapokubali. Saa 7 za kila siku, zinazoanza wakati uleule, zina faida kubwa kuliko saa 5 za katikati ya wiki na kulala mpaka mchana Jumatatu.

Mimi nimezoea usingizi wa saa tano na sijawahi kuanguka. Hilo halitoshi?

Halitoshi. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao uliwaweka watu wenye afya maabara kwa siku 14. Waliolala kwa saa 6 tu kila usiku walizidi kudorora siku hadi siku, na mwisho wa wiki mbili wakawa wanajibu vipimo vya umakini kama watu waliokesha usiku mzima, mmoja hata miwili. Kinachonitisha zaidi ni kwamba walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wamechoka kidogo tu. Baada ya siku chache za mwanzo waliona kama wameshazoea, huku vipimo vikizidi kuporomoka.

Kwa hiyo ukisema umezoea, nakuamini kwamba hivyo ndivyo unavyohisi. Ila hisia hiyo si kipimo. Muulize mtu anayekutazama ukipanda. Mkufunzi anaona unavyochelewa kumwachia farasi hatamu akiruka, anaona unavyosahau njia ya viunzi uliyoitembea kwa miguu dakika kumi zilizopita.

Usiku mwili unafanya nini hasa?

Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Mizunguko ya mwanzo wa usiku ina usingizi mzito zaidi, na hapo ndipo mwili humwaga sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji. Kwa mtu mzima homoni hiyo hufanya kazi ya fundi: inasaidia kukarabati misuli ya mapaja na mgongo uliyoitumikisha mchana. Mizunguko ya kuelekea alfajiri ina usingizi mwingi wa ndoto. Ubongo, katika vipindi mbalimbali vya usiku, unapitia upya yale uliyojifunza kwa mwili na kuyapanga.

Ndiyo maana mwanafunzi anayehangaika Jumamosi nzima kukaa vizuri farasi anapobadilisha mwendo, akilala vizuri, Jumapili anapanda na kitu kile kinamjia chenyewe. Hajafanya zoezi lolote usiku. Na ndiyo maana aliyelala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri hakupoteza usingizi wa kila aina kwa usawa. Zaidi amepoteza ule wa alfajiri, wa ndoto.

Je, farasi anatambua kwamba sijalala?

Hajui ulilala saa ngapi, lakini mwili wako anausoma kuliko unavyousoma wewe. Kuna utafiti wa Sweden wa mwaka 2009 ninaoupenda sana. Watu waliwaongoza au kuwapanda farasi kwenye njia ileile mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda nayo. Farasi hawakuambiwa habari yoyote ya mwavuli. Waliipata kwa aliyeshika kamba.

Mtu asiyelala vizuri ana hasira za karibu na woga wa karibu. Kwenye tandiko hilo halionekani usoni, linaonekana mikononi. Jumanne moja nilimtazama mwanafunzi wangu, daktari kijana aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, akiwa juu ya farasi jike mpole ambaye hata watoto humpanda. Viwiko vilikuwa vimekaza. Kidole cha pete, ambacho ndicho kinapaswa kufungua na kufunga kama mtu anayekamua sifongo, kilikuwa kimegandamana na hatamu. Kila hatua ya farasi ilivuta lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kila lijamu ilipovutwa farasi alifungua mdomo, akarusha kichwa, akapiga mkia. Dakika ya tano alisimama kabisa na kukataa kwenda. Mwanafunzi akasema, "Leo huyu ana nini?"

Nilimwomba ashuke. Nikapanda mimi, nikazunguka mara mbili hatamu ikiwa imelegea, na farasi akashusha shingo na kupumua puani kwa sauti, ile pumzi ndefu wanayoitoa wakitulia. Hakuwa na tatizo lolote. Alikuwa amebeba uchovu wa mtu mwingine mdomoni mwake. Kwa sababu hiyo mimi husema usingizi wa mpandaji ni sehemu ya matunzo ya farasi, sawa na maji safi na kwato zilizochongwa.

Na farasi mwenyewe analala vipi?

Kidogo kuliko wengi wanavyodhani: takriban saa 3 hadi 5 kwa siku nzima, kwa vipande vifupi, zaidi usiku. Anaweza kusinzia akiwa wima kwa sababu miguu yake ina mfumo wa misuli na kano unaojifunga usimwangushe. Lakini usingizi wa ndoto hauwezi akiwa wima. Ni lazima alale chini, na anahitaji kama nusu saa hadi saa moja ya usingizi huo kwa siku. Farasi anayeogopa kulala, kwa sababu nafasi ni finyu, sakafu ni ngumu, anaumwa viungo au hana mwenzake wa kumlinda, hatimaye huanza kusinzia na kupiga magoti ghafla. Ukiona vidonda vya mara kwa mara mbele ya vifundo vya miguu ya mbele, muulize saisi kama amewahi kukuta alama za maranda ya sakafuni ubavuni mwa farasi huyo asubuhi, dalili kwamba alilala chini. Masaisi wanajua mambo haya kuliko wenye farasi.

Mimi ni joki na lazima nipunguze uzito. Kulala kunanisaidia au kunanizuia?

Kunasaidia sana. Usipolala vya kutosha, homoni inayoamsha njaa hupanda na ile inayokuambia umeshiba hushuka. Yule joki anayejinyima chapati mchana kutwa na kulala kwa saa 4 tu usiku anapigana vita mbili kwa wakati mmoja, na kesho yake atatamani vitu vya sukari kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwapa watu wanene kidogo chakula kilekile cha kupunguza uzito kwa vipindi viwili vya siku 14. Katika kipindi kimoja walipewa saa 8 na nusu kitandani, katika kingine saa 5 na nusu. Uzito uliopungua ulikaribiana. Lakini walipolala vya kutosha, zaidi ya nusu ya uzito uliotoka ulikuwa mafuta. Waliponyimwa usingizi, mafuta yalikuwa robo tu, na kilichobaki kilitoka sehemu nyingine za mwili, misuli ikiwemo. Hawakuwa majoki, lakini fikiria maana yake kwa joki. Mizani inasoma sawa, anafurahi, kumbe ameacha nyuma nguvu za mapaja na mgongo zinazomweka juu ya farasi kwenye kona ya mwisho.

Wale wanaokimbia na nailoni mwilini au kukaa kwenye mvuke kutoa jasho usiku wa kuamkia mbio, naomba waache. Maji yakitoka, mapigo ya moyo yanapanda, kichwa kinauma, usingizi unakatika katika kwa kiu, na asubuhi unapanda ukiwa umekauka na umechoka pamoja. Uingereza iliamua mwaka 2021 kwamba sauna hazitarudi tena kwenye viwanja vyake vya mbio. Huko nao walikuwa wamezizoea kwa vizazi.

Chai, kahawa na miraa je?

Nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi, na kwa watu wengine zaidi. Kikombe cha kahawa cha saa 11 jioni bado kinafanya kazi saa 4 usiku. Utafiti mmoja ulionyesha kwamba kafeini nyingi iliyonywewa saa 6 kabla ya kulala iliondoa zaidi ya saa moja ya usingizi, na wengi wa walioinywa hawakutambua. Chai ya asubuhi baada ya kulisha farasi sina neno nayo, inywe kwa raha. Mchana, baada ya saa 8, kunywa uji au maji badala yake.

Miraa na muguka ni habari nyingine. Kinachomfanya mtu akeshe ni kichangamsho kinachofanana na amfetamini. Anayetafuna jioni na kupanda alfajiri anafika akiwa na macho makavu, mdomo mkavu na hasira, na njaa ikiwa imefichwa. Majoki wengine wanaipendea hiyo njaa kufichwa. Nimeshaeleza hapo juu uzito wa namna hiyo unatolewa wapi. Pombe nayo inakulaza haraka, kisha inauvunja usingizi nusu ya pili ya usiku.

Naweza kumeza Piriton nipate usingizi?

Hili naulizwa kila mara, kwa sababu watu wengi wa mabandani wana Piriton mfukoni tayari. Vumbi la nyasi kavu na nywele za farasi huwasha pua na macho. Dawa ile inasinzisha, ni kweli. Shida ni kwamba kwa mtu mzima inachukua muda wa karibu siku nzima kupungua nusu mwilini. Uliyemeza saa 4 usiku bado unayo mwilini saa 1 asubuhi ukikanyaga kikuku cha tandiko, na kusinzia kwake kunakaa palepale ambapo mikono na macho yanapaswa kuwa wepesi.

Kama tatizo ni mzio, mwulize mfamasia dawa za mzio zisizosinzisha, na lowesha nyasi kwa maji kabla ya kuzitawanya. Kama tatizo ni usingizi, soma swali la daktari huko chini.

Mechi za Ulaya zinaanza usiku sana. Nifanyeje?

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa zetu, kutegemea msimu. Ikianza saa 5 inakwisha karibu saa 7, na hapo bado hujarudi nyumbani, bado hujajadili penalti. Anayeamka saa 10 na nusu amebakiwa na saa 3. Sikukatazi mpira, mimi mwenyewe naupenda. Panga tu. Mwambie mkufunzi au msimamizi wa banda mapema kwamba kesho yake utafanya kazi za chini: kusugua, kulisha, kusafisha tandiko, kumtembeza farasi kwa kamba. Mwenzako akupokee kwenye kupanda, nawe umpokee timu yake ikicheza. Mabanda mengine tayari yanafanya hivyo, na kazi inaenda.

Usiku wa kuamkia mashindano sipati hata lepe. Nimekwisha?

Hapana. Usiku mmoja mbaya, ukitanguliwa na siku kadhaa za kulala vizuri, hauharibu mengi. Usingizi unaweza kuwekewa akiba kwa kiasi fulani: ongeza nusu saa hadi saa nzima kila usiku kwa wiki moja kabla ya siku yenyewe. Andaa vyote mapema jioni. Buti zimepigwa rangi, shati limepigwa pasi, helmeti na kadi ya njia ya viunzi viko kwenye begi mlangoni, teksi au boda imeshapangwa. Kichwa kinachokesha mara nyingi kinakumbuka orodha ya vitu. Ukiandika orodha hiyo kwenye karatasi, kazi yake inapungua.

Usipolala, jilaze gizani bila simu na upumzishe mwili. Kuangalia saa kila robo saa kunazidisha hofu. Geuza saa itazame ukuta.

Kulala mchana kunafaa?

Kunafaa, kwa dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9 alasiri. Ukipitiliza unaingia usingizi mzito na kuamka ukiwa mzito kama gunia, na hali hiyo inaweza kuchukua nusu saa kuondoka. Usipande farasi ndani ya muda huo. Masaisi wana bahati hapa, kwa kuwa kati ya chakula cha mchana na kazi ya jioni banda linatulia. Wenye mabanda, tafadhali wawekeeni chumba chenye kitanda au hata mkeka mzuri. Saisi anayelala juu ya marobota ya nyasi anaamka akiwa na kifua kilichojaa vumbi.

Nimeanguka na kugonga kichwa. Wanasema nisilale. Ni kweli?

Kwanza hospitali. Kama ulipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, unatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, umechanganyikiwa, unaona vitu viwili viwili, mboni za macho hazilingani, mkono au mguu umelegea, umepata degedege, au unasinzia kiasi kwamba ni vigumu kukuamsha, usisubiri kesho.

Daktari akishakukagua na kukuruhusu kurudi nyumbani, kulala ni sehemu ya kupona. Kumwamsha mgonjwa kila saa usiku kucha hakufanywi siku hizi isipokuwa daktari ameagiza. Mtu mzima awepo nyumbani usiku huo, naye ajue dalili hizo nilizozitaja. Usipande tena siku hiyohiyo hata ukijisikia mzima, na kurudi kwako kuwe kwa hatua, kwa ruhusa ya daktari. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi huvuruga usingizi kwa siku au wiki kadhaa: wengine hulala mno, wengine hukosa kabisa. Mweleze daktari. Na helmeti iliyopigwa chini haifai tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

Maumivu ya misuli yanachelewa kuisha. Usingizi unahusika?

Mara nyingi, ndiyo. Kabla ya kununua dawa ya kuchua, hesabu saa zako za usiku kwa wiki moja. Kati ya wanamichezo wa umri wa sekondari nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2014 uliona kwamba waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 kuliko waliolala zaidi. Na mafua pia yanawapata upesi wanaolala kidogo. Kwenye baridi ya Julai, mabanda yakiwa na unyevu na kila mtu anakohoa, hilo ni jambo la kuliwazia.

Mtoto wangu wa miaka kumi ana somo Jumamosi saa moja asubuhi. Analia akiamshwa.

Usimlaumu. Watoto wengi wa Nairobi wanapanda basi la shule gizani siku tano za wiki, wanarudi jioni, wana kazi ya ziada ya kufanya. Ifikapo Jumamosi wana deni la usingizi. Omba somo la saa 4. Mabanda mengi yana nafasi hiyo, na wazazi hawaulizi kwa kudhani asubuhi ndiyo yenye nidhamu. Mtoto aliyelala anasikiliza, anacheka, anakumbuka kuweka visigino chini. Asiyelala anamwogopa farasi ambaye wiki iliyopita alimkumbatia.

Naishi ploti yenye kelele. Ushauri wa maabara haunifai.

Nakuelewa. Kuna kesha la maombi jirani, kuna baa, kuna mbwa, kuna matatu inayopiga honi saa 9 usiku. Vizibo vya masikio vya sponji havina bei kubwa na vinapatikana kwenye maduka ya dawa. Hakikisha tu bado unasikia kengele ya kuamkia, au weka simu itetemeke chini ya mto. Leso nene juu ya dirisha hukata mwanga wa taa za usalama. Simu iwe mbali na uso nusu saa kabla.

Maji ya moto yanasaidia kuliko wengi wanavyojua. Ukioga maji moto saa moja au mbili kabla ya kulala, damu inasogea kwenye ngozi, kisha joto la ndani la mwili linashuka, na usingizi unakuja mapema. Beseni moja linatosha. Kwa saisi ni faida mara mbili, kwa kuwa harufu na vumbi la banda vinabaki bafuni.

Nimehamia kutoka Mombasa na usiku nashtuka shtuka. Ni kawaida?

Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Watu wengine usingizi wao unakuwa mwepesi siku za kwanza, halafu unatulia. Kunywa maji ya kutosha, punguza mazoezi makali wiki ya kwanza, na nunua blanketi nzito kuliko unavyodhani unahitaji.

Lini nimwone daktari?

Ukikosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, usisubiri zaidi. Yapo matibabu ya mazungumzo na mazoea yanayofanya kazi vizuri bila vidonge. Nenda mapema zaidi kama unakoroma na kukata pumzi usiku, kama unasinzia ukiwa umeketi mchana, au kama baada ya kuanguka vibaya unaota ajali ileile kila usiku na kuogopa kufumba macho.

Nimekesha na farasi mwenye msokoto wa tumbo. Asubuhi kuna kazi. Nipande?

Usipande. Umefanya kazi kubwa kuliko ya mtu yeyote bandani: umemtembeza, umemzuia kujibiringisha, umemsubiri daktari wa mifugo, umechungulia mavi kwa tochi. Vivyo hivyo kwa aliyelinda jike anayezaa, kwa kuwa majike wengi huzaa usiku wa manane. Mwandikie msimamizi ujumbe mfupi kabla hujaondoka: saa uliyoanza kukesha, dawa aliyopewa farasi na saa yake, mara ya mwisho alipokula na kunya. Kisha nenda nyumbani kwa matatu, usiendeshe pikipiki. Kama ni lazima ubaki, chukua kazi za ardhini, kaa mbali na dume na farasi wachanga, na usiingie bandani mwa farasi mgeni peke yako. Aliyepangiwa kukupokea aje mapema, na siku hiyo ilipwe kama siku ya kazi.